Salfa, moshi wa ganda na jiko la ndani: kila kimoja kinatua wapi kifuani

Kuanzia Juni mpaka Septemba, ukipita alfajiri Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea au Ruangwa, huku kwetu Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, utakuta wingu la njano limetanda juu ya mikorosho. Ni salfa inayopulizwa kupambana na ubwiri unga, ile kuvu nyeupe inayokausha maua na kuuacha mti bila korosho. Pasipo salfa, au dawa ya maji inayofanya kazi hiyo hiyo, kaya nyingi zingekosa msimu, kwa hiyo simwambii mkulima aache kupuliza. Ninachosema ni kwamba huku kwetu watu hujikinga na vumbi, moshi na gesi kwa njia moja: kanga puani wakati wa kazi, maziwa glasi moja baada ya kazi, basi. Mapafu hayavipokei vitu hivyo kwa namna moja. Ukubwa wa chembe ndio unaoamua itatua wapi, na mahali inapotua ndipo panapoamua itakuumiza vipi na utajikinga kwa nini.

Kwa hiyo tuifuate hewa kwanza.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi hubeba kama nusu lita. Kwa siku nzima zinapita lita zaidi ya 10,000. Anayeivuta hewa hiyo ni diaframu, msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo: ukishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia, ukilegea, hewa inatoka. Mlango wa kwanza ni pua. Humo hewa hupashwa joto, hupewa unyevu, na hulazimishwa kupita kwenye kona nyembamba zenye ute. Chembe kubwa, za maikroni 10 na zaidi, haziwezi kukata kona hizo kwa kasi ya hewa, hivyo hugonga ukuta na kunasa. (Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, unywele wa kichwani una upana wa maikroni 70 hivi.) Ndiyo maana mpuliziaji akipenga kamasi baada ya kazi inatoka ya njano. Hiyo ni salfa iliyokamatwa getini.

Tatizo ni kwamba anayefanya kazi nzito hapumui kwa pua peke yake. Ukibeba mgongoni mashine ya kilo kumi na zaidi, ukapanda na kushuka kati ya miti, mwili unadai hewa mara nne au tano ya ile ya mtu aliyeketi, na mdomo unafunguka wenyewe. Mdomo hauna kona wala nywele. Vumbi lililopaswa kuishia puani linateremka moja kwa moja kooni.

Kutoka kooni hewa hupita kwenye zoloto, sanduku la sauti, kisha inaingia kwenye trakea, bomba la upana wa sentimita mbili hivi lililozungushiwa pete za gegedu. Bomba hilo hugawanyika kuwa mirija miwili, mmoja kwa kila pafu, na mirija huendelea kugawanyika kama mara 23 mpaka kufikia vifuko vya hewa. Kuta za mirija mikubwa zina ute na vijinywele vidogo mno vinavyopiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde, vikiusukuma ute kwenda juu. Ute ukifika kooni unaumeza bila kujua au unautema kama kohozi. Chembe za kati, maikroni 2.5 hadi 10, nyingi hunaswa hapa, na vijinywele vikiwa vizima huzitoa ndani ya siku moja hivi. Moshi huvilemaza. Vikilemaa, ute unatuama, na njia pekee ya kuutoa inayobaki ni kukohoa. Kile kikohozi cha kila asubuhi cha mama aliyepikia kuni miaka ishirini kimeanzia hapo.

Mwisho kabisa ni vifuko vya hewa, milioni 300 hadi 500. Ukivikunjua vyote upate eneo moja, unapata mita za mraba 70 hivi, sawa na sakafu ya vyumba sita vya kulala vya kawaida. Ukuta wake una unene usiofika maikroni moja, ndiyo maana oksijeni inapenya kirahisi kuingia kwenye damu na hewa ya ukaa inatoka. Huku chini hakuna vijinywele. Kuna seli za ulinzi zinazomeza uchafu, na kazi hiyo huchukua wiki, hata miezi. Chembe zinazofika huku ni zile zisizozidi maikroni 2.5, na moshi wa kuni, mkaa, sigara na dizeli ni chembe za aina hiyo karibu tupu. Zile ndogo kabisa huvuka na kuingia kwenye damu. Ndipo hewa chafu inapoacha kuwa habari ya kikohozi ikawa habari ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani peke yake uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Salfa

Unga wa salfa una chembe za ukubwa mchanganyiko. Nyingi huishia puani na kooni, sehemu yake hushuka mpaka kwenye mirija. Si sumu kali kama viuadudu vingi, na inaruhusiwa hata kwenye kilimo hai. Lakini inawasha. Inawasha macho, pua, koo, na ndani ya mirija inasababisha misuli kukaza na ute kuongezeka. Kwa mwenye pumu hilo linatosha kumlaza. Katika bonde la Salinas, California, ambako salfa hutumika sana mashambani, utafiti uliochapishwa 2017 uliwapima watoto wa miaka saba na kukuta kuwa kadiri salfa ilivyotumika kwa wingi karibu na nyumba zao, ndivyo nguvu ya mapafu yao kutoa hewa ilivyopungua na dalili za pumu zilivyoongezeka. Hao hawakuwa wapuliziaji. Walikuwa wakiishi jirani na mashamba tu.

Fanya hesabu ya kwetu. Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mkubwa kwa raundi moja. Mfuko wa kilo 25 unamaliza miti 100. Ukipiga raundi tano, shamba dogo la miti 100 limerushiwa kilo 125 za unga kwa msimu, na huyo ni mkulima mmoja.

Kupuliza alfajiri ni sahihi: majani yana umande, unga unashika, na upepo umelala. Ila hewa ya alfajiri ina tabia ya kukaa chini. Ardhi imepoa usiku, hewa baridi imelala karibu na udongo, na vumbi lisilotua kwenye majani linaelea kimo cha pua mpaka jua lipande. Likishapanda, kusi, upepo wa kutoka kusini, inaanza kuvuma na kulisukuma kaskazini na kaskazini magharibi. Nyumba zilizo upande huo wa shamba ndizo zinazopokea. Mwambie jirani jana yake. Afunike kisima na ndoo, aanue nguo, afunge madirisha ya upande wa shamba, na mtoto mwenye pumu alale kwa bibi yake usiku huo kama kwa bibi ni mbali na mikorosho.

Kwa mpuliziaji mwenyewe, kitambaa cha kanga au barakoa ya kushona huzuia unga mkubwa tu, ambao pua ingeuzuia hata hivyo. Kinachofaa ni barakoa iliyoandikwa N95 au FFP2, inayozuia angalau asilimia 94 ya chembe ndogo. Ivae kabla hujafungua mfuko, maana wingu zito kuliko yote ni lile la kumimina unga kwenye tangi, na wengi hulipokea usoni kwa kuwa mashine bado haijawashwa. Kata kona ya mfuko badala ya kupasua mdomo wote, ingiza kona hiyo ndani ya tangi, simama upepo ukikupiga mgongoni, mimina polepole. Mkanda mmoja wa barakoa upite juu ya masikio, mwingine chini. Bana ule waya wa puani kwa vidole viwili vya kila mkono. Kisha zungushia viganja pembeni ya barakoa na utoe pumzi kwa nguvu: ukihisi hewa inatorokea machoni au mashavuni, haijakaa. Mwenye ndevu hawezi kuizibisha, na hapo hakuna dawa nyingine ila kunyoa. Itupe ikilowa, ikichakaa, au ukianza kuvuta hewa kwa taabu. Miwani ya kuziba macho pande zote ni ya lazima pia. Salfa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, usisugue.

Anzia ukingo wa shamba ule ambako upepo unaelekea, ukirudi kuelekea unakotoka. Ukifanya hivyo kila hatua inakupeleka kwenye hewa safi, na wingu linabaki nyuma yako. Nguo za kazi vua nje, fua peke yake, na oga kabla hujampakata mtoto.

Kuhusu maziwa: yanashuka kwenye umio mpaka tumboni. Hayagusi mapafu. Unapomeza chochote, epiglotisi hufunika njia ya hewa kusudi kisiingie huko. Maziwa yangefika kwenye mapafu ungekuwa umepaliwa, si umesafishwa. Kunywa kwa lishe, hakuna ubaya, lakini usiyahesabu kama kinga na kuacha barakoa kwa sababu yake.

Jambo la mwisho la salfa, na naona ndilo linalosahaulika zaidi, ni mifuko mitupu. Isichomwe moto kamwe. Salfa ikiungua inatoa dioksidi ya salfa, gesi kali inayoyeyuka kwenye unyevu wa njia ya hewa na kuwa asidi. Mwenye pumu anaweza kubanwa ndani ya dakika chache, na N95 haisaidii kitu kwa kuwa inachuja chembe, haichuji gesi. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kuvuta sigara karibu na mashine wala kuhifadhi mifuko jikoni. Unga wa salfa hewani unashika moto kwa cheche ndogo tu.

Moshi wa ganda

Msimu ukigeuka, tunahama kutoka vumbi kwenda moshi. Ukipita Mnazi Mmoja, pale barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana, korosho zinazouzwa ni nyeupe na safi. Nyuma yake mara nyingi kuna mtu aliyekaa na karai. Ganda la korosho lina mafuta makali, ya jamii moja na yale ya mimea inayobabua ngozi. Ukikaanga korosho zenye maganda kienyeji, mafuta yanachuruzika, yanashika moto, na moshi mweusi unaotoka umebeba mafuta hayo katika matone madogo sana. Ndiyo maana unachoma macho na koo kuliko moshi wa kuni, na wabanguaji wengi huvimba uso pamoja na kukohoa.

Kama huna namna nyingine, kaangia nje kabisa, mbali na ukuta na banda, ukiwa upande unakotoka upepo, na tumia mti mrefu wa kukorogea ili usisogee juu ya karai. Moto ukiwaka ndani ya karai, mwaga korosho kwenye mchanga mkavu na uzifunike kwa mchanga au majivu mara moja. Mchanga unazima moto na kunyonya mafuta. Watoto wasiwe wasaidizi wa kazi hii. Maganda yasiwe kuni za jikoni. Njia nzuri zaidi ni ya mvuke: korosho zinachemshwa kwa mvuke, zinaachwa zipoe na kukauka, halafu zinapasuliwa kwa mashine ya mkono. Moshi wa ganda unakuwa haupo. Vikundi vya akina mama vinavyotafuta mkopo, ningeshauri boila na mashine za kukatia zitangulie hata kabla ya vifungashio.

Jikoni na chumbani

Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi kwa sababu joto linatumika kuchemsha maji yaliyomo badala ya kuunguza mti. Pasua nyembamba, anika juani mpaka zilie kavu ukizigonganisha, zitunze mahali pasiponyeshewa. Jiko liwe na mlango na upenyo upande wa pili, na pengo kati ya ukuta na paa lisizibwe. Mtoto asibebwe mgongoni mwa mpishi. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Gesi, hata ikitumika kwa mapishi mafupi tu ya asubuhi, inapunguza saa za moshi.

Mkaa una hatari yake tofauti, na kwenye baridi ya Newala ya Juni na Julai lazima isemwe. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, bado unatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, hivyo inakalia nafasi yake. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na aliyelala hazijui. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata kama limewashiwa nje. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwanza, kisha hospitali. Na usidanganywe na kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba monoksidi. Kitasoma asilimia 98 na mtu anakufa.

Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni moshi. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta koili moja ikiungua yote inatoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Tumia chandarua.

Mjini Mtwara na kando ya barabara ya Masasi kuna vumbi la malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, pamoja na moshi wa dizeli. Mwenye genge au mgahawa kando ya barabara amwage maji mbele ya kibanda asubuhi na mchana, asifagie pakavu, na afunike vyakula.

Mtoto anapopumua haraka

Mrija wa hewa wa mtoto mchanga una upana wa milimita 4 hivi. Ukivimba milimita moja tu kuzunguka, upana wa njia umebaki nusu, na ugumu wa kupitisha hewa umepanda mara 16. Kwa mrija wa milimita 8, uvimbe ule ule unaongeza ugumu mara tatu tu. Kwa hiyo mafua ya mtu mzima yanaweza kuwa hatari kwa mtoto aliyelelewa kwenye moshi.

Hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Funua tumbo na kifua, washa saa ya simu, hesabu kila kupanda kwa tumbo kwa dakika nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka. Miezi miwili hadi 11, ni 50. Mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, ni 40. Kisha angalia chini ya mbavu: akivuta hewa, je, sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwenda ndani? Pumzi zikiwa haraka hivyo, sehemu hiyo ikibonyea, akishindwa kunyonya, au midomo ikawa ya bluu, usingoje asubuhi. Nenda zahanati iliyo karibu, nao watakuandikia rufaa ya kwenda hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao kwa kadiri ulipo. Na kwa umri wowote, kikohozi cha wiki mbili au zaidi usikiite cha salfa mpaka upimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure.

Pumu ikibana

Mketishe wima, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Dawa ya kupanua mirija ni salbutamoli ya kuvuta, yenye kopo la bluu mara nyingi. Ukiipuliza mdomoni moja kwa moja, nyingi hugonga koo na kuishia hapo, kwa sababu zile zile zinazonasa vumbi kubwa. Inahitaji chupa katikati. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi vizuri kama kifaa cha kununua.

Chora umbo la mdomo wa kopo kwenye kitako cha chupa, pasha waya moto, toboa ukifuata mchoro, kopo liingie kwa kubana, kisha zungushia gundi ya karatasi pasipenye hewa. Mgonjwa abane shingo ya chupa kwa midomo. Tikisa kopo, bonyeza mara moja, avute pumzi nne ndani ya chupa. Rudia mpaka zifike bonyezo nne. Subiri dakika nne. Bila nafuu, mpe nne nyingine na muwe tayari mko njiani kwenda hospitali, mkiendelea kumpa njiani. Kwa mtoto asiyeweza kubana midomo inatakiwa chupa yenye barakoa ya uso, ulizia zahanati.

Osha chupa kabla ya matumizi ya kwanza na kila wiki kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kusuuza wala kufuta kwa kitambaa. Ukiifuta, plastiki inapata chaji ya umeme inayoivuta dawa kwenye kuta, na mgonjwa anavuta chupa tupu.